Doa kwa Ndani

Maji yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni polepole, yakiteremshwa ukingoni ili yasipige kelele chini. Mtu mwingine asingeyasikia. Mimi niliyasikia kwa sababu nilikuwa macho, na kwa sababu anayemimina maji namna ile ni mtu aliyefundishwa asisikike. Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Kulikuwa bado hakujapambazuka. Nilijilaza kimya nikimsikiliza mwanangu wa miaka sita akifua shuka lake. Anafikicha, anapumzika, anafikicha tena. Ningeweza kunyanyuka nikamsaidie, na siku nyingine nilinyanyuka. Alfajiri ile nilijitia usingizi. Nikiamka tungetazamana, na tangu baba yake ahame, kutazamana kwetu saa kama hizo kulikuwa kumegeuka kazi ngumu.

Tunamwita Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake kabla hata hajasimama dede, kwa jinsi alivyokuwa akipiga soga na kila kitu, na kijiko, na kandambili, na kivuli chake mwenyewe. Lakini siku hizo Chiriku wangu alikuwa ananong'ona. Hakuna aliyemkataza kusema kwa sauti. Ilimjia tu, kama lile jambo lingine nalo lilivyomjia. Baba yake alibeba sanduku lake la vifaa na nguo zake akaenda, na usiku uleule kitanda cha mtoto kikalowa. Kikawa ni cha kulowa.

Mimi kazi yangu ni mashuka. Nafua na kunyoosha kwenye nyumba ya wageni, katika chumba cha chini nyuma ya jiko, penye joto hata wakati wa baridi. Pale kwetu kuna utaratibu anaofundishwa kila anayeanza kazi kabla hajaonyeshwa hata sabuni inakaa wapi. Shuka chafu halitembezwi wazi. Unalikusanya kutoka pembe zake, unakunja doa kwa ndani, unalifanya bunda, unalishusha kwa ngazi za nyuma. Mgeni alipe, alale, aende zake bila kukumbushwa kwamba kitanda kile kina watu wengine. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Kosa langu ni kuuleta nyumbani.

"Hivi," nilimwambia mwanangu, siku zile za mwanzo. "Shika pembe hii. Na hii. Doa kwa ndani. Umeona? Sasa nani atajua?"

"Hata bibi hatajua?"

"Hata bibi."

"Na baba?"

"Hasa baba."

Alijifunza upesi, yule mtoto. Vidole vyake vidogo vilikunja shuka vizuri kuliko wanawake wazima niliowahi kuwafundisha kazi.

Kulianika ndiko kulikuwa na shughuli. Uani tulikuwa na kamba ndefu ya wapangaji wote, jua linaipiga kuanzia asubuhi. Lakini wifi yangu, dada yake baba Chiriku, alikuwa akipita njia ya nyuma ya uani kila anapokwenda sokoni, na wifi yangu ni mtu ambaye jicho lake halina pazia. Angeona shuka la mtoto kambani kila siku ya Mungu, asingehitaji kuambiwa. Kwa hiyo nilifunga kamba ndani, kutoka kwenye kabati hadi nondo za dirisha, na shuka la Chiriku likawa linaning'inia humo chumbani kama mtu wa tatu. Halikuwa likikauka sawasawa. Mara nyingi alilalia likiwa bado na ubaridi wa unyevu, na ile harufu yake ambayo mtu wa kazi yangu haimpotei hata akizibwa pua.

Siku moja aliniuliza, kwa ule mnong'ono wake: "Mama, la kwako linaanikwa nje. Langu mbona halianikwi?"

"Jua linaharibu rangi."

Mimi, wa mashuka, ndiye niliyesema hivyo. Kila mtu pale kazini anajua kwamba hakuna sabuni inayofikia jua. Mtoto aliitikia kwa kichwa, akaenda kujipaka poda shingoni na kwapani, nyingi, mpaka akawa mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Alikuwa ameanza kujipaka hivyo kila asubuhi kabla ya shule. Sikumuuliza kwa nini.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, kwa hiyo ukipanda ngazi ulikuwa unapanda na harufu ya rangi mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Wakili wangu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inizwa kwa kamba shingoni. Chini ya meza alivaa kandambili. Viatu vyake vya mahakamani vilikaa kando vimesimama wima, kama vinasubiri kuitwa.

Siku ya kwanza nilikwenda na karatasi. Mimi nilisoma darasa la jioni. Nilimaliza sekondari nikiwa tayari nimeolewa na nina mtoto mgongoni, na kitu kimoja nilichokipenda kule ni insha. Basi nikaandika ndoa yangu kama insha, yenye utangulizi na hitimisho, nikapanga nimsomee.

"Hiyo weka kwanza," alisema. "Niambie kama unavyomwambia dada yako."

Sikujua pa kuanzia. Akanisaidia kwa maswali.

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Sidhani."

"Mlevi?"

"Hanywi."

"Sasa mama, tatizo ni nini?"

Nilihisi uso unaniwaka. Watu wanakuja pale na makovu, mimi nimekuja na kimya. Nilimwambia kwamba baba Chiriku hakupenda nirudi jioni na madaftari, ila hakusema. Mimi sikupenda anavyonuna, ila sikusema. Ikafika mahali chumvi ya mezani tunaombana kupitia kwa mtoto: mwambie mama asogeze chumvi, mwambie baba hiyo hapo. Nilipomaliza kulisema hilo nilitamani sakafu inimeze mimi na kiti.

Wakili hakucheka. "Zipo ndoa zinazokufa kwa kelele, nyingine zinakufa zimekaa mezani," alisema, akiandika. "Hakimu nitamweleza, usihofu. Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka Chiriku akae na mimi."

"Na baba yake?"

"Naye anamtaka. Amesema hivyo kwenye majibu yake."

Akavaa miwani. "Basi talaka yenyewe haitatuumiza kichwa. Kitakachotuumiza ni mtoto. Afisa wa ustawi wa jamii atawaita nyote, atamwona na mtoto, ataandika anachokiona, na hakimu atakifuata kile kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mimi nataka nijue yote kabla yake. Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Shule?"

"Anakwenda."

"Analala vizuri?"

"Fofofo," nilisema.

Neno lilitoka laini kabisa, halikunikwaruza hata koo.

*

Baba Chiriku ni fundi wa majokofu. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya karakana yake, na mtoto alikuwa akienda huko mwisho wa wiki. Jumapili moja jioni alimrudisha kama kawaida, akasimama nje ya mlango.

"Mama Chiriku, hujambo."

"Sijambo, baba Chiriku."

"Haya."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kamili. Nilipofungua begi la mtoto nitoe nguo chafu, chini kabisa nilikuta bunda. Lilikuwa limekunjwa barabara, doa kwa ndani. Shuka la mistari ya buluu ambalo halikuwa langu.

"Baba alikuwa bado amelala," Chiriku alininong'oneza. "Sikujua pa kuliweka."

"Na huko pia?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Baba alisema nisiseme."

Nililikunjua. Doa la siku ile lilikuwa juu, na chini yake palikuwa na michoro ya madoa ya zamani, duara juu ya duara, yaliyofuliwa yakafuliwa tena. Kwenye pindo sabuni ilikuwa imeganda, ngumu kama wanga. Nikaelewa mara moja. Mtu mwenye mikono isiyojua kusuuza alikuwa amehangaika na shuka lile kwa muda mrefu, peke yake, bila kumwomba dada yake wala mtu mwingine msaada. Sabuni aliitia kwa wingi kama anayetaka kulipa kosa.

Hayo niliyaona. Na pamoja na kuyaona, nilifurahi. Nimelizunguka neno hilo sana nikitafuta jingine la kuandika hapa, sikulipata. Nilifurahi kwamba mwanangu analowanisha kitanda cha baba yake.

Kesho yake kazini nilimwambia shoga yangu tunayemwita Pasi. Jina lake ni la kazi, lakini ni la ulimi pia.

"Si ndiyo ushahidi huo?" Pasi alisema, akikung'uta foronya. "Unangoja nini? Mpelekee wakili wako. Ushahidi mwingine unahitaji shahidi, huo unajinukia wenyewe."

"Nitaona haya."

"Haya za nini? Mkojo ni wa kwako? Mwanamume kachukua mtoto, kamrudisha na shuka bichi kwenye begi. Mimi ningelitandika juu ya meza ya hakimu."

Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Pasi hakujua kuhusu kamba yangu ya ndani. Hakuna aliyejua. Mtu anayeficha jambo hupewa ushauri wa yale aliyoyasema tu, na mimi niliuchukua ushauri ule kana kwamba ulitolewa kwa mtu msafi.

*

"Leo umeniletea kufua?" wakili aliuliza nilipoweka mfuko juu ya meza yake. Kisha harufu ikamfikia. Karani wake, aliyekuwa akipiga chapa pembeni, alivuta kiti chake kuelekea dirishani bila kusimama, kikiguguna sakafu.

Nilieleza. Nilisema mtoto anakojoa kitandani akiwa kwa baba yake. Hilo lilikuwa kweli. Nilisema baba yake anamkataza kusema. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kisha nikatia chumvi: nikasema shuka halifui, analifunga na mkojo wake kwenye begi la mtoto, limfikie mama huko.

Wakili alilishika pindo kwa vidole viwili. "Na kwako?"

"Kwangu hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alinitazama kidogo juu ya miwani. Sikupepesa. Nilikuwa na macho makavu kweli siku ile.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Hili nitaliweka kwenye hati yako ya kiapo. Unajua kiapo ni nini, wewe umesoma. Mimi jambo baya ukiniambia mapema nalitafutia namna. Nikilisikia mara ya kwanza mbele ya watu, hapo sina namna. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, wakili."

Karani akachapa. Nilisoma aya ile kabla ya kutia saini, na ibilisi wa darasa la jioni akanikalia begani, maana nilijikuta nikiipenda. Ilikuwa sentensi iliyonyooka. Baba alionekana mzembe, mimi nikaonekana mama wa kupigiwa mfano, na mtoto hakuonekana kabisa. Nikatia saini.

Jioni ile Chiriku aliniuliza, "Shuka la baba liko wapi?"

"Lipo mahali."

"Umelifua?"

"Nitalifua."

"Umemwambia mtu?"

Nilijifanya nashughulika na jiko. Hakurudia swali. Lakini wakati wa kula alikisogeza kikombe chake cha maji mbali, na nilipomwambia anywe akatikisa kichwa. Alikuwa ameamua mwenyewe kwamba asipokunywa hakutakuwa na kitu cha kutoka. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilimbembeleza akanywa mafunda mawili, akilia bila sauti, na alfajiri maji yakamiminwa tena kwenye beseni, ukingoni, polepole.

*

Chumba cha afisa wa ustawi kilikuwa chini, kinatazamana na maegesho ya pikipiki. Kulikuwa na meza ya watu wazima, na pembeni meza fupi yenye penseli za rangi, nyingi zimekatika. Afisa mwenyewe alikuwa mwanamume mpole mwenye mafua, leso mkononi muda wote. Alimkaribisha Chiriku kwenye meza fupi kwanza, ndipo akatukaribisha sisi.

Kabla hatujaingia, pale kwenye ukumbi, wakili alinishika kiwiko. Alikuwa amevaa vile viatu vyake vya mahakamani, kwa hiyo alikuwa mrefu kuliko nilivyomzoea.

"Kuna lolote unataka kuniambia?"

"Hakuna."

"Haya."

Baba Chiriku alikuja peke yake. Alivaa shati jeupe alilolinyoosha mwenyewe, nilijua, maana mkono mmoja ulikuwa na mikunjo miwili iliyokimbizana. Alisalimia kila mtu. Alipofika kwangu alisema, "Mama Chiriku," nikasema, "Baba Chiriku," na afisa akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Mazungumzo yalianza vizuri. Nani anampeleka shule, nani anampikia, akiugua nani anakesha. Kisha wakili akaomba ruhusa, akafungua mfuko, akaliweka shuka mezani. Akalikunjua kidogo tu, kiasi cha kuonekana. Akasoma aya yetu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka.

Nilisikia penseli ya Chiriku ikisimama.

Nilimtazama baba yake. Nilitarajia apande juu, aseme huyu mwanamke mwongo. Badala yake alinyoosha mkono, akalivuta shuka karibu yake kama mtu anayemvuta mtoto asisimame barabarani. Akashika pembe. Akashika nyingine. Akaanza kulikunja palepale mbele yetu, taratibu, doa kwa ndani.

Mkunjo ule niliujua.

"Baba," afisa aliita, "ni kweli hayo?"

"Kukojoa ni kweli." Alikuwa anaongea na shuka. "Kulifunga kwenye begi si kweli. Nafua mwenyewe. Hili nililitafuta chumba kizima, nikafikiri dada yangu kalichukua, nikawa naona haya kumuuliza."

"Mtoto ulimkataza kusema?"

"Nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Mama yake ni mtu wa mashuka," alisema. "Kwake mtoto ni mzima. Mwenyewe nilisoma kwenye karatasi za wakili, analala vizuri, hana tatizo. Basi nikajua tatizo ni mimi. Nikajua mkijua, mtaninyima hata hizo siku mbili."

Afisa alijifuta pua. Alitazama ile mikono ya fundi ikimalizia bunda, ikilipiga kofi dogo la mwisho, kama nipigavyo mimi, kama apigavyo kila mtu niliyemfundisha.

"Mbona unalikunja hivyo?" aliuliza. Nadhani aliuliza ili tu kupumzisha chumba.

"Ndivyo linavyokunjwa. Chiriku ndiye aliyenionyesha. Siku ya kwanza nilikuwa nimelibeba hivihivi, akaniambia baba unakosea, doa kwa ndani."

Afisa akaacha kuandika. Akageuka kwangu, bila ukali wowote.

"Mama, mtoto alijifunza wapi?"

Wakili wangu aliwahi. Ndiyo kazi yake. "Mteja wangu anafanya kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Watoto huiga yale wanayoyaona kwa wazazi."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa mlango wazi kabisa, mimi nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa na kupita. Shingo yangu ilikuwa tayari imeanza.

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameinama juu ya karatasi yake, midomo ameibana mpaka imepotea, na poda yote ya asubuhi imefanya mistari shingoni kwa jasho. Hakuwa akinitazama mimi wala baba yake. Alikuwa akilitazama lile bunda. Alikuwa akiona shuka lake limewekwa mbele ya watu wazima wanne, na mmoja wao anaaibishwa kwa ajili yake, na mwingine, aliyemfundisha kuficha, amekaa amenyooka. Ningeitikia kwa kichwa, huenda ningempata. Ningempeleka nyumbani, tukaingia ndani, kamba ile kutoka kabatini hadi dirishani ikitungoja, naye angeendelea kunimiminia maji ukingoni mpaka awe mtu mzima.

"Kwangu pia," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kama ya Chiriku, mnong'ono. Afisa akainamisha kichwa ili asikie.

"Kwangu pia anakojoa," nilirudia. "Tangu usiku ule baba yake alipoondoka. Karibu kila siku. Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja, na nikamwambia asimwambie baba yake. Shuka hili nilipoliona nilijua kwamba limefuliwa. Niliona sabuni. Yaliyoandikwa pale nimeyasema mimi. Wakili hakujua."

Sikuthubutu kumtazama wakili. Niliona tu mkono wake ukija juu ya meza, ukaifunika ile hati, ukaivuta, ukaigeuza kifudifudi ndani ya faili. Chini ya meza nilisikia kiatu kimoja kikivuliwa.

"Tutaandika upya," alimwambia afisa, si mimi. Kwangu alisema polepole, "Wewe mwanamke." Halafu akanipa kitambaa, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuwa najua.

Nilingoja baba Chiriku aseme. Alikuwa na kila haki. Angeweza kuichukua siku ile nzima, na mtoto juu yake. Alikuwa amelishika bunda kwenye mapaja, kichwa chini, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini.

"Kwako pia?" aliuliza.

"Kwangu pia."

"Na mimi nilikuwa nafikiri ni jokofu," alisema. "Lile la karakana. Linaunguruma sana, nikafikiri linamtisha. Nikalihamisha."

Nusura nicheke. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana kuambiana kitu kisichopitia kwa mtoto.

Afisa alipenga, akaomba radhi, akakunja leso. Alisema watoto wengi hufanya hivyo nyumba ikigawanyika, na kwamba tungesema mapema tungekwisha kumpeleka kwa daktari amwangalie, basi. Alisema hawezi kutuambia ataandika nini, ila ataandika alichokiona, na leo ameona zaidi ya alivyotarajia. Sikujua kama hilo ni jema au baya kwangu. Hata sasa ninavyoandika shauri bado halijakwisha, na sijui Chiriku atalala wapi siku za shule. Aibu ile bado ninayo, imenivaa kama nguo ya kulowa. Lakini nikiwa pale kwenye kiti kile nilivuta pumzi ikafika chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu baba yake aondoke.

Afisa akainuka, akaenda kuchuchumaa karibu na ile meza fupi.

"Umechora nini, binti?"

Chiriku aligeuza karatasi amwonyeshe. Ilikuwa kamba, ndefu, kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine.

"Na wewe tukusikie," afisa alisema. "Mama kasema, baba kasema. Kuna kitu wewe unataka?"

Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Nilimwitikia kwa kichwa. Baba yake naye akaitikia, karibu pamoja na mimi. Chiriku akaweka penseli chini, akasimama, na sauti yake ikatoka nzima, ile ya zamani, mpaka watu wa pikipiki kule nje wakageuka.

"Nataka shuka langu lianikwe nje."